Mawe Machafu ya Tangi la Chini

Siku ya kuniaga, meneja wa sasa alisimama mbele ya keki akawaambia watu kwamba kwa miaka yote hiyo Mama Njeri amekuwa "akilisha samaki wetu." Wakapiga makofi. Namshukuru Mungu kwa makofi yale, na namshukuru zaidi kwa kunipa uvumilivu wa kutomjibu, maana kulisha samaki ni kazi ambayo hata mgeni aliyelewa akiwa na kipande cha chapati anaweza kuifanya, na ameifanya mara nyingi. Mimi nilikuwa nikitunza tangi la chini. Lakini meneja hajawahi kufungua kabati la tangi hilo, kwa hivyo tumsamehe.

Naandika haya kwa ajili yako Chebet, uliyepokea karai langu, na wenzako wanaotunza matangi ya samaki kwenye mahoteli na makliniki ya hapa Nakuru. Sitaandika habari za vyeo. Sikupata vingi, na nilivyopata havikusafisha chochote.

Niliingia hoteli ile ya Milimani kufagia sakafu. Nilitoka Molo, kwenye viazi na baridi, nikiwa na sifa moja tu, nayo ni usafi. Kwetu mwanamke hupimwa kwa kitako cha sufuria. Sufuria zako zikianikwa uchagani na jirani asiuone uso wake kwenye vitako vyake, habari hizo zitafika kanisani kabla yako. Mama yangu alitusugulisha sufuria kwa jivu na mchanga mpaka zikatoboka, na zilipotoboka alifurahi, kwa sababu hiyo ilikuwa ithibati.

Meneja wa wakati huo, Bwana Kirui, alikuwa mtu mwenye tai nyingi na subira kidogo. Aliona ngazi zinavyong'aa akaniita. "Mama, wewe unapenda usafi. Nataka ukasaidie upande wa samaki." Nikamwambia sijawahi kufuga samaki. Akasema, "Ni maji tu." Kwa mtazamo huo hata ugonjwa wa kipindupindu ni maji tu, lakini nilikuwa mgeni kazini, nikaweka fagio chini.

Wa kunifundisha alikuwa Mzee Okello, aliyekuwa na tangi hilo tangu lilipojengwa. Watu wote walidhani alipewa kazi hiyo kwa sababu ya jina lake la Kijaluo, kwamba mtu wa ziwani lazima ajue samaki. Mzee alizaliwa Bondeni, hapa hapa Nakuru, akasomea Bondeni, akaoa Bondeni, na ziwa la kwao alikuwa amelionea kwenye kalenda ya buchari. "Kuvua sijui," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi najua tu kuwaacha wakiwa hai. Ni kazi ngumu zaidi, na hakuna anayekushangilia."

Kisha akafungua kabati lililo chini ya tangi kubwa la mapokezini, kabati ambalo wageni hudhani ni la taulo. Ndani mlikuwa na tangi lingine, refu na jembamba, limegawanywa vyumba vinne kwa vioo. Maji ya juu yakijaa hupita kwenye meno ya plastiki kama ya kitana, yanateremka kwa bomba, yanaingia chumba cha kwanza ambapo soksi ya kitambaa hukamata uchafu mkubwa. Chumba cha pili kina sponji. Cha tatu kina mawe. Cha nne kina pampu inayorudisha maji juu yakiwa masafi, ili wageni wapige picha na kusema tangi hili ni zuri sana, halina uchafu hata kidogo. Uchafu wao wote uko chini, pamoja na wewe, umepiga magoti. Nimepiga magoti mengi maishani, na sitadanganya kwamba yote yalikuwa ya maombi.

Siku yangu ya kwanza peke yangu niliona maji ya chumba cha pampu yamefika nusu tu. Nikaona ni uvivu wa mtu fulani. Nikachukua ndoo nikajaza mpaka pomoni, nikapangusa kioo, nikafunga kabati nikiwa nimejipongeza. Stima ikapotea, kama kawaida yake mvua ikikaribia kunyesha. Pampu ikasimama. Sasa, pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kuteremka mpaka yafike chini ya yale meno, na hapo ndipo nilipoelewa ile nusu tupu ilikuwa ya nini. Maji yalitoka kabatini, yakapita chini ya meza ya mapokezi, yakaingia kwenye zulia, yakawafikia wachungaji waliokuja kwa semina. Mmoja aliinua viatu vyake akauliza, "Sister, haya ni ya kunawa ama ni ubatizo?"

"Ni ya samaki, mchungaji," nikasema.

"Basi yamekuja kwa wavuvi wa watu," akasema, akaendelea na chai yake.

Mzee Okello hakunigombeza. Alimwomba msichana wa mapokezi rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mstari kwenye kioo cha tangi la chini. "Maji yasipite hapa."

"Na nikisahau?"

"Zulia litakukumbusha."

Mstari ule upo mpaka leo, Chebet. Rangi imeongezwa mara nyingi, kila kizazi cha mapokezi na rangi yake. Sasa ni zambarau.

Vifaa vyangu havikuwahi kupendeza. Karai moja lililoandikwa SAMAKI, ambalo halijaguswa na sabuni tangu litoke dukani. Mswaki mkuukuu wa meno, wa kusugulia pampu. Kipande cha mpira wa kunyonyea tope. Kijiti cha meno cha kuzibua tundu dogo kwenye bomba la kurudisha maji, tundu ambalo huingiza hewa ili maji yasijivute yenyewe kurudi chini stima ikipotea. Konokono mmoja akiamua kulala kwenye tundu hilo, mtafua zulia tena. Soksi ni kila baada ya siku tatu. Sponji huoshwa kwenye karai kwa maji yaliyotolewa tangini humo humo, zinakamuliwa mara mbili tatu, zinarudishwa zikiwa bado na rangi ya chai. Maji mapya ya mfereji yanakaa kwenye pipa siku mbili, wazi, ili ile dawa ya kuua viini itoke. Mtu yeyote akikwambia anabadilisha maji moja kwa moja kutoka mferejini na samaki wake hawajambo, mpongeze, kisha usimpe samaki wako.

Mawe yalikuwa jambo lingine. Mzee aliyaokota mwenyewe kwenye miteremko ya Menengai, mawe meusi na mekundu yaliyojaa matundu kama mkate. Yalikuwa yamefunikwa ute wa kahawia. Siku nilipoyaona kwa mara ya kwanza, mkono wangu ulitafuta waya wa kusugulia wenyewe.

"Mawe usiguse," akasema Mzee.

"Lakini Mzee, yananuka."

"Yananuka udongo. Yakinuka mayai yaliyooza, niambie. Huo ute una wadudu wadogo, hawaonekani. Wanakula sumu ya mavi ya samaki. Hao ndio wafanyakazi wa hoteli hii, Mama Njeri. Samaki ni wageni tu."

Mimi katika sentensi yote hiyo nilisikia neno moja, wadudu. Na mwanamke wa kwetu akisikia neno hilo huwa na jibu moja.

Lazima niwaeleze sasa kuhusu Chifu. Alikuwa samaki mkubwa wa rangi ya machungwa na madoa meusi, mwenye midomo minene na dharau. Mwenye hoteli, tuliyemwita Madam, alikuwa mjane. Mumewe alimnunua Chifu akiwa mdogo kama kidole, miezi michache kabla ya kufariki. Kila siku saa kumi jioni Madam aliteremka na kikombe cha chai, akaketi mbele ya kioo, na Chifu akaja kusimama mbele yake. Hawakuambiana kitu. Waliketi hivyo mpaka chai iishe. Wafanyakazi wote tulijua saa hiyo hakuna kumletea Madam karatasi ya kutia sahihi, hata kama jiko linaungua.

Mwaka wangu wa pili, Mzee Okello aliumia goti akapewa ruhusa ya wiki tatu akajiuguze nyumbani. Akaniachia tangi lote. Akarudia: soksi, sponji, tundu, mstari. "Na mawe?"

"Nisiguse," nikasema.

Nilivumilia siku nane. Wengine wameshindwa mapema zaidi. Siku ya tisa, Ijumaa, Bwana Kirui alitangaza kwamba Jumapili askofu angekuja kubariki ukumbi mpya, na kila kitu kiwe safi, "hata ndani ya makabati." Ndani ya makabati! Niliona ni sauti kutoka juu. Nilimwazia askofu akifungua lile kabati, sijui kwa sababu gani askofu angefungua kabati, na kuona ule ute, na kuuliza huyu dada mwenye kufundisha shule ya Jumapili anatoka kanisa gani.

Niliyatoa mawe yote. Niliyaosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikayasugua moja moja kwa waya, nikayaloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo, nikayasuuza mara saba, nikayaanika juani kwenye uchaga kama sufuria. Yaling'aa. Nilisimama nikayatazama, na nasema ukweli mbele za Mungu, nilifikiria jinsi mama yangu angefurahi. Jioni nikayarudisha. Askofu alikuja, akabariki ukumbi, akala kuku, akaondoka. Kabati hakulitazama.

Jumatatu maji yalikuwa kama uji mwepesi. Jumanne asubuhi samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakivuta hewa. Wawili walikuwa wamekufa. Saa kumi Madam aliteremka na chai yake. Chifu hakuja. Alikuwa kwenye kona, amelala upande, mbavu zikipanda na kushuka. Madam aliweka kikombe chini bila kukigusa. "Ana nini?" akauliza. Hakumuuliza mtu fulani, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimesimama hapo na kitambaa mkononi.

"Tunaangalia, Madam," nikasema. Lilikuwa jibu zuri. Halina uongo na halina faida.

Niliingia stoo nikaomba. Nilimwomba Mungu awahurumie samaki, awaponye, amfariji Madam. Niliomba kwa kirefu na kwa maneno mazuri, bila kumtajia Mungu hata mara moja ni nani aliyeosha mawe. Nilipofika amina, nikaona hata mimi mwenyewe sijashawishika. Nikatoka nje nikapanda bodaboda kwenda Bondeni.

Mzee Okello alikuwa amekaa mlangoni, goti limefungwa bandeji, anachambua sukuma wiki. Sikuwa nimefungua mdomo. Alinitazama usoni akasema, "Umeosha mawe."

Nikaanza kulia.

"Kwa kitu gani? Kwa sabuni?"

"Na dawa ya nguo."

"Eh!" Aliweka kisu chini. "Mimi niliosha kwa maji ya moto tu. Wewe umewamaliza na watoto wao."

"Wewe Mzee uliosha?"

"Mwaka wa kwanza. Walikufa wote, mume wa Madam akanunua wengine. Unafikiri nilijuaje mawe hayaoshwi? Kwa maono?" Akanyoosha mkono nimwinue. Tukaenda nyuma ya nyumba. Chini ya kibanda cha mabati kulikuwa na pipa la plastiki lenye pampu ndogo inayonguruma, samaki watatu wasio na thamani, na chini kabisa, mawe. Machafu kupita yale niliyoyaosha. Yaliteleza kama bamia. "Niliyaweka hapa siku ile ile," akasema. "Nilijua kuna mtu atakuja."

Akanijazia ndoo, mawe na maji ya pipani, akaniambia la kufanya. Toa maji theluthi moja kila siku, weka yale yaliyokaa. Usilishe kabisa, hata wakikuangalia kwa huruma. Mawe haya yaweke mbele, yapate maji kwanza, na yale yako ya kung'aa yaondoe yote, yana dawa bado. "Na yasikauke njiani. Wakikauka umeua mara ya pili."

Mwenye bodaboda aliitazama ndoo. "Mathe, umebeba nini?"

"Mawe."

"Mawe machafu hivi? Kutoka Bondeni mpaka Milimani? Kwani huko hakuna mawe?"

"Yako huko. Lakini ni masafi."

"Ai, mathe." Akawasha pikipiki. "Nakuombea."

"Niombee kweli," nikasema. "Maombi yangu hayajafika mbali."

Mawe yaliingia tangini jioni hiyo. Asubuhi yake Bwana Kirui alituita wote mapokezini, na alikuwa amemtuma mtu amlete Mzee Okello, ambaye alifika akitembelea fimbo. Samaki wengine watatu walikuwa wamekufa. Chifu bado alikuwa kwenye kona. Madam aliketi kwenye kiti chake, ingawa haikuwa saa kumi.

"Mzee amezeeka," alisema Bwana Kirui kwa ile sauti yake ya semina. "Hakuna ubaya. Lakini tangi limeharibika mikononi mwake, na hoteli lazima isonge mbele. Nadhani ni wakati apumzike kabisa."

"Tangi ni langu," akasema Mzee. "Lawama ni yangu."

Hakunitazama. Afadhali angenitazama. Nilisimama pale, mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye wiki mbili kabla nilikuwa nimewafundisha watoto kusema ukweli, nikawapa na peremende. Nawaambia ukweli, nilinyamaza. Nilinyamaza muda wa kutosha kwa Bwana Kirui kurekebisha tai yake na kuanza sentensi nyingine. Alikuwa na sentensi ndefu. Namshukuru Mungu kwa urefu wa sentensi za Bwana Kirui, ndiyo mara pekee zilipomsaidia mtu.

"Ni mimi," nikasema. "Mzee aliniambia nisiguse mawe. Nikayaosha kwa sabuni na dawa ya nguo, kwa sababu ya askofu."

Mpishi mmoja nyuma akasema, "Askofu aliomba mawe?" na mwingine akamnyamazisha.

Bwana Kirui alikuwa tayari kunifuta kazi kwa furaha; kwake mradi mtu aende. Madam aliinua mkono. "Na hayo mengine, ya kumponya, unayajua?"

"Mzee amenieleza, Madam. Nimeanza jana."

"Utayaosha tena?"

"Hata nikilipwa siyaoshi, Madam."

Akamgeukia Bwana Kirui. "Basi mwache. Ukileta mwingine safi, ataanza na mawe. Huyu amemaliza kuosha." Kisha akasema, polepole zaidi, "Na Mzee haendi popote."

Siku tano nilibeba ndoo. Nilitoa maji asubuhi, nikatia maji ya pipa, nikapima kwa zile chupa za matone zinazobadilika rangi, kijani ikimaanisha sumu. Nimewahi kuombea wagonjwa wengi, lakini sijawahi kuitazama chupa kwa imani kama ile. Kijani. Kijani. Kijani hafifu. Na safari hii niliomba kwa maneno machache, nikianza na jina langu na nilichofanya. Yale maneno mazuri niliyaacha stoo.

Siku ya tano saa kumi Madam aliteremka. Chifu aliinuka kutoka kwenye kona, akaelea vibaya kama mlevi anayetoka kilabuni, akaja akasimama mbele yake. Madam akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nipe mdudu mmoja wa chakula chake."

Mzee alikuwa amesema nisilishe. Nilimpa. Chifu alimtazama yule mdudu kwa dharau yake ya siku zote, akammeza.

"Amekula," akasema Madam, akachukua chai yake, ambayo ilikuwa imepoa, akainywa yote.

Chifu aliishi miaka mingine sita. Mzee Okello alistaafu mwenyewe, kwa miguu yake, bila mtu kumsukuma, na alipofariki, mkewe aliniita nichukue lile pipa. Madam naye ametangulia. Hoteli imepata zulia jipya, ukumbi mwingine, mameneja wanne, kila mmoja akiwa na wazo la kuweka taa za rangi ndani ya tangi. Mimi nilibaki na magoti yangu na karai. Mungu alinipa kazi ambayo hakuna aliyeiona kwa sababu ilikwenda vizuri, na nimejifunza kushukuru kwa hilo, ingawa siku ya ile keki nilihitaji kushukuru mara mbili.

Sasa wewe, Chebet. Siku tuliyokabidhiana nilikuonyesha soksi, sponji, tundu na mstari. Nilikuambia mawe usiguse. Ulisema, "Sawa, mama." Lakini niliona ulivyoyatazama. Ninakujua, ninajua unatoka wapi, na nimeona sufuria za mama yako.

Pipa liko nyuma ya nyumba yangu, chini ya mabati. Pampu inafanya kazi, na mawe yana ute wa kutosha. Mlango wa nyuma sifungi mchana. Ukija, usijisumbue kutengeneza maelezo njiani, na njoo na ndoo yako, maana yangu ina samaki.